Anayefutwa kazi baada ya mzozo: Stahili zake kisheria na muda wa kuzidai

Nchini Kenya hakuna mfuko wa serikali unaomlipa mtu posho ya kila mwezi kwa sababu amepoteza kazi. Mfanyakazi wa kiwanda, hoteli, shule ya kibinafsi au shamba mjini Eldoret anayefutwa kazi baada ya kukosana na mwajiri wake hana afisi anayoweza kuiendea ili aandikishwe kama asiye na ajira na kulipwa hadi atakapopata kibarua kingine. Anachoweza kupata ni kile ambacho sheria imemtwika mwajiri mwenyewe: mshahara wa siku alizofanya kazi, pesa za likizo, notisi, malipo ya utumishi, na fidia ikithibitika kwamba aliachishwa kazi isivyo haki.

Kwa sababu hiyo, namna ajira inavyokatika ina uzito mkubwa. Watu wawili wenye mshahara sawa na miaka sawa ya utumishi wanaweza kuondoka katika lango moja, mmoja akiwa na kitita cha kumfaa kwa miezi kadhaa na mwingine akiwa na mshahara wa nusu mwezi tu. Tofauti baina yao huweza kuwa barua moja iliyoandikwa kwa hasira, au tarehe iliyoachwa ipite.

Suala hili si geni kwa wakazi wa Eldoret, mji uliopandishwa hadhi na kuwa jiji mnamo Agosti 2024. Kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichowaajiri wengi tangu miaka ya 1970, kiliwekwa chini ya wasimamizi mwaka 1998 kwa sababu ya madeni na kufungwa mwaka 2000, kabla ya kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Hata hivyo, wengi wanaopoteza kazi hawapotezi kwa kufungwa kwa kiwanda. Huondoka mmoja mmoja, baada ya ubishi kuhusu zamu, mshahara uliocheleweshwa, bidhaa zilizopungua stoo au maneno yaliyotupwa mbele ya msimamizi.

Sheria inayotumika

Msingi wa haki hizi ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008. Kabla yake, mwajiri aliweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu yoyote, mradi tu ametoa notisi au amelipa mshahara wa kipindi cha notisi. Sheria hiyo ilibadilisha mambo mawili makuu. Kwanza, mwajiri sharti awe na sababu halali na aweze kuithibitisha. Pili, sharti afuate utaratibu wa haki kabla ya kufikia uamuzi. Akikosa mojawapo, hatua yake huhesabiwa kuwa si ya haki, hata kama lile jingine amelitimiza.

Hapo awali sheria hiyo iliwanyima waliofanya kazi kwa chini ya miezi 13 haki ya kulalamika kwamba wameachishwa kazi isivyo haki. Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho mwaka 2012 kwa kuwa kilikiuka Katiba. Katiba yenyewe, iliyopitishwa mwaka 2010, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini katika kifungu cha 41.

Vibarua nao hawakusahauliwa. Anayelipwa kwa siku lakini akafanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au akapewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kukamilika kwa chini ya miezi 3, huchukuliwa na sheria kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Mwajiri anayemwita kibarua mtu aliyemtumikia kwa miaka 2 hawezi kutumia jina hilo kumnyima notisi.

Njia za kuondoka kazini

Sheria hutofautisha njia nne ambazo ajira inaweza kukatika, na kila njia ina malipo yake.

Ya kwanza ni kuachishwa kazi kwa notisi. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kwa maandishi, au zaidi iwapo mkataba wake unasema hivyo. Mwajiri asiyetaka aendelee kufika kazini katika kipindi hicho humlipa mshahara wa muda huo.

Ya pili ni kufutwa kazi papo hapo kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Sheria inataja mifano: kutofika kazini bila ruhusa wala sababu halali, kulewa kiasi cha kushindwa kufanya kazi, kuzembea kazi kwa makusudi, kumtusi mwajiri au msimamizi, kukataa amri halali, na kutenda au kushukiwa kwa misingi ya maana kutenda kosa la jinai dhidi ya mwajiri au mali yake. Aliyefutwa kihalali kwa njia hii hapati notisi. Hata hivyo, hapotezi kila kitu. Mshahara wa siku alizofanya kazi na pesa za likizo aliyokwisha kuichuma ni jasho lake, wala kosa lake haliwezi kuvifuta.

Ya tatu ni kupunguzwa kazini, yaani nafasi yenyewe kuondolewa bila kosa la mfanyakazi. Hapa mwajiri hutakiwa kumwarifu afisa wa leba pamoja na chama cha wafanyakazi, au mfanyakazi mwenyewe iwapo si mwanachama, angalau mwezi mmoja kabla. Huchagua wa kuondoka kwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na utegemewaji wa kila mmoja. Kisha hulipa notisi ya mwezi mmoja, likizo iliyobaki, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi.

Ya nne ni kujiuzulu. Anayejiuzulu kwa hiari hulipwa siku alizofanya kazi na likizo yake, lakini hawezi kudai fidia ya kuachishwa kazi, kwa kuwa hakuachishwa. Aidha, yeye ndiye anayetakiwa kumpa mwajiri notisi au kumlipa badala yake.

Mfano wa hesabu

Chukua mfanyakazi anayelipwa Sh30,000 kwa mwezi aliyetumikia miaka 6 kamili. Akipunguzwa kazini, siku 15 kwa kila mwaka ni sawa na takriban nusu mshahara mara 6, yaani Sh90,000. Ongeza notisi ya mwezi mmoja, jumla inafika Sh120,000 kabla ya pesa za likizo na makato ya kodi.

Mtu huyo huyo akifutwa papo hapo kihalali tarehe 15 ya mwezi, atapokea takriban Sh15,000 za siku alizofanya kazi pamoja na likizo iliyobaki. Sheria inampa kila mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12.

Ikiwa mahakama itaamua kwamba aliachishwa kazi isivyo haki, inaweza kuagiza alipwe notisi na, juu yake, fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Kwa mfano wetu, kiwango cha juu kabisa ni Sh360,000. Kiwango hicho ni ukomo tu, na wengi hupewa miezi michache. Jaji huangalia muda wa utumishi, uwezekano wa kupata kazi nyingine ya aina hiyo, juhudi alizofanya mdai kupunguza hasara yake, na kiasi alichochangia mwenyewe katika kuleta mzozo. Mahakama inaweza pia kuagiza arudishwe kazini, mradi miaka 3 haijapita tangu afutwe.

Malipo ya utumishi, ambayo mahakama kwa kawaida huyakadiria kwa siku 15 kwa kila mwaka, hudaiwa na wale ambao hawakuwa katika Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) wala katika mpango mwingine wa pensheni au kiinua mgongo. Aliyechangiwa NSSF kila mwezi huwa hana dai hilo. Wengi hukosea hapa, wakidai mara mbili kitu ambacho sheria hutoa mara moja.

Haki ya kusikizwa

Kabla ya kumfuta mtu kwa makosa ya nidhamu, hata yaliyo makubwa, mwajiri anatakiwa kumweleza tuhuma zinazomkabili kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuandamana na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama kilichopo hapo, na maelezo ya wote wawili sharti yasikizwe kabla ya uamuzi kutolewa. Kikao kilichoitishwa baada ya barua ya kufutwa kazi kuchapwa si kikao cha kumsikiza mtu.

Baadhi ya sababu haziwezi kamwe kuwa halali. Miongoni mwazo ni ujauzito, kuchukua likizo ambayo mfanyakazi anastahili, uanachama wa chama cha wafanyakazi, kabila, dini, ulemavu, kushiriki mgomo halali, na kuwasilisha malalamiko au kesi dhidi ya mwajiri, isipokuwa malalamiko hayo yawe ya kipuuzi na yasiyo na msingi. Hivyo, anayeripoti kwa afisa wa leba kwamba mshahara wake umecheleweshwa kisha akafutwa kwa sababu hiyo, ana hoja yenye nguvu.

Katika kesi, mfanyakazi huanza kwa kuthibitisha kwamba aliachishwa kazi na kwamba hatua hiyo haikuwa ya haki. Mwajiri naye hubeba mzigo wa kuthibitisha sababu zake. Ikiwa mwajiri atashindwa kuleta mkataba wa maandishi ambao alitakiwa kuutayarisha, ni juu yake kukanusha masharti anayoyadai mfanyakazi.

Kulazimishwa kujiuzulu

Mizozo mingi haimaliziki kwa barua ya kufutwa kazi. Mwajiri hupunguza mshahara bila makubaliano, humhamisha mtu hadi kazi ya chini, humnyima vifaa, au humdhalilisha hadi mwenyewe aandike barua ya kuondoka. Mahakama ya Rufani ilifafanua mwaka 2015 kwamba hali ya namna hii inaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Sharti mdai aonyeshe kwamba mwajiri alivunja mkataba katika jambo la msingi, kwamba aliondoka kwa sababu hiyo, na kwamba hakukaa muda mrefu kama aliyeridhika na mabadiliko hayo.

Barua yenyewe ndiyo ushahidi wa kwanza katika dai la aina hii. Anayeandika kwamba anaondoka kwa sababu za kibinafsi na kumshukuru mwajiri kwa wema wake atapata taabu kueleza baadaye kwamba alisukumwa nje. Ikiwa sababu ni mshahara uliokatwa, barua iseme ni mshahara upi, wa mwezi gani, na ni lini aliulalamikia.

Hali nyingine ya kawaida ni kufutwa kwa mdomo. Mfanyakazi huambiwa aende nyumbani asubiri kuitwa, au hufika asubuhi akazuiwa langoni na bawabu. Miezi ikipita na kesi ikiwasilishwa, mwajiri husema kwamba mtu huyo alitoroka kazi. Mahakama zimeshikilia kwamba mwajiri anayetoa dai hilo lazima aonyeshe juhudi alizofanya kumtafuta na kumtaka arudi. Mfanyakazi naye hujilinda akituma ujumbe wa simu au barua siku hiyo hiyo, akieleza kwamba amezuiwa kuingia na kuuliza arudi lini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hati za mshahara, taarifa za benki au M-Pesa zinazoonyesha malipo, ratiba za zamu, barua za onyo na ujumbe wa simu ndizo humtetea mdai pale ambapo mashahidi wangali wameajiriwa na wanahofia kuzungumza. Vilevile, aliyefanya kazi kwa majuma 4 au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha utumishi kinachoonyesha kazi aliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Mwajiri halazimiki kumsifu katika cheti hicho, lakini hawezi kukizuilia kwa sababu ya ugomvi.

Tahadhari nyingine ni kuhusu hati ya kukubali malipo ya mwisho. Mahakama zimeshikilia mara kadhaa kwamba mtu aliyetia sahihi kwa hiari, akielewa kwamba anaachilia madai yake yote, hufungwa na sahihi hiyo. Anayeshurutishwa, au asiyeelewa kilichoandikwa, anafaa kuomba muda wa kupata ushauri kabla ya kushika kalamu.

Wapi pa kulalamikia na kwa muda gani

Hatua ya kwanza iliyo nafuu ni kumwona afisa wa leba katika afisi ya kaunti. Sheria inataka malalamiko ya kuachishwa kazi yawasilishwe kwake katika muda wa miezi 3. Afisa huyo huziita pande zote mbili, huzisikiza na kupendekeza malipo. Aliyekosa kwenda kwake hajafungiwa mlango wa mahakama.

Aliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi anaweza kukitumia chama hicho. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007, mzozo kuhusu kufutwa kazi huripotiwa kwa waziri katika siku 90, naye huteua mpatanishi. Upatanisho ukishindwa katika siku 30, au katika muda zaidi waliokubaliana, suala huweza kupelekwa mahakamani.

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, iliyoundwa chini ya Katiba ya 2010 na yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu, husikiza kesi zake Eldoret pia. Tangu mwaka 2018, mahakimu wa ngazi ya hakimu mkazi mwandamizi na kuendelea wameruhusiwa kusikiza kesi za ajira ambapo mshahara wa mdai hauzidi Sh80,000 kwa mwezi. Kwa wafanyakazi wengi wa viwandani, madukani na mashambani, hii ina maana kwamba kesi yao inaweza kuamuliwa katika mahakama ya hakimu. Mdai anaweza kujiwakilisha mwenyewe, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawaruhusu wasio na uwezo kuomba usaidizi.

Muda wa kuwasilisha kesi ni miaka 3 tangu siku ya kufutwa kazi. Kwa madhara yanayoendelea, muda ni miezi 12 tangu yakome. Muda huu ni mkali. Mazungumzo na mwajiri, rufaa ya ndani ya kampuni, vikao vya afisa wa leba au kesi ya jinai inayosubiri uamuzi havisimamishi saa hiyo. Wako walioshinda kesi ya wizi walioshtakiwa na mwajiri, wakarudi kudai haki zao za kazi na kukuta muda umekwisha.

NSSF na bima ya afya

Wengi hufikiri kwamba michango ya NSSF ni akiba ya kuokoa jahazi kazi inapokatika. Sivyo. Hazina hiyo hulipa kwa uzee katika umri wa miaka 60, kwa kustaafu mapema kuanzia miaka 50, kwa ulemavu wa kudumu, kwa warithi wa mwanachama aliyefariki, au kwa anayehama nchi moja kwa moja. Kijana wa miaka 35 aliyefutwa kazi hawezi kuzichukua pesa hizo kwa sababu tu hana kazi. Aliye katika skimu ya pensheni ya mwajiri anaweza kuruhusiwa kuchukua sehemu ya akiba yake, kulingana na kanuni za skimu.

Bima ya afya nayo hubadilika. Tangu Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Mshahara ukikoma, makato hukoma, na familia huhamia kundi la wasio na mishahara. Kundi hilo hukadiriwa mapato yake na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua Sh300 kwa kila mwezi. Mwenye wagonjwa nyumbani anafaa kulishughulikia jambo hili mapema, asingojee siku ya kulazwa hospitalini.

Kwingineko na kifungu kilicholala

Tanzania imepiga hatua ambayo Kenya haijapiga. Mageuzi ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yalileta fao la upotevu wa ajira. Mwanachama aliyechangia kwa muda usiopungua miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, huweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Afrika Kusini ina mfuko unaochangiwa asilimia 1 na mfanyakazi na asilimia 1 na mwajiri. Aliyefutwa kazi anaweza kuomba malipo yake, lakini aliyejiuzulu kwa hiari kwa kawaida hapati kitu. Uingereza na majimbo ya Marekani nako huuliza swali hilo hilo: je, mtu huyu alifukuzwa kwa kosa lake, aliondoka mwenyewe, au alisukumwa? Hivyo, hata penye posho, sababu ya kuondoka kazini haiepukiki.

Sheria ya Kenya haiko kimya kabisa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinampa waziri uwezo wa kutunga kanuni za kuwalazimisha waajiri kuwakatia wafanyakazi bima dhidi ya hatari ya kupunguzwa kazini. Katiba nayo, katika kifungu cha 43, inatambua haki ya kila mtu ya hifadhi ya jamii na kuitaka serikali iwape msaada wasioweza kujikimu. Mapendekezo ya kuanzisha mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira yametolewa mara kadhaa, lakini mfuko wa kitaifa wa kumlipa aliyepoteza kazi haujaanza. Hata kanuni za kifungu cha 40 zingetungwa kama kilivyo sasa, zingewafaa waliopunguzwa kazini tu. Aliyefutwa kwa ugomvi angebaki nje.

Hadi sheria itakapobadilika, aliyeachishwa kazi Eldoret hana budi kuhesabu tarehe zake mwenyewe kuanzia siku aliyotoka: miezi 3 kwa afisa wa leba, siku 90 kwa mzozo unaoripotiwa na chama, na miaka 3 kwa mahakama. Kodi ya nyumba na karo hazingoji kesi imalizike. Kwa hiyo, mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, likizo na cheti cha utumishi, ambavyo kwa kawaida havina ubishi, vinafaa kudaiwa kwa maandishi katika juma la kwanza, hata kama suala la fidia litachukua miaka kuamuliwa.